Upele Nyuma ya Kikohozi

"Weka hiyo chupa chini, Mama."

"Siweki. We njo utoke hapo."

Mama mkwe wangu, Koko Cécile, alikuwa amepiga magoti kando ya godoro, kitambaa kilicholowa mkononi, chupa ya kasiksi ameibana kwa mapaja. Pombe ya ndizi ilinuka nyumba nzima kama baa. Alikuwa amekwisha kumpaka Charlène mguu mmoja. Wa pili nilikuwa nimeushika mimi, na sikuwa na nia ya kuuachia.

"Mtoto ana homa siku ya tano, wewe unampaka pombe."

"Surua inatoka na kasiksi. Nani hajui? Mi nimelea batoto munane, we uko na babili tu."

"Umelea saba."

Hilo halikupaswa kusemwa. Lilitoka tu. Jirani yetu Dévote, Mrundi aliyetuletea hiyo chupa kwa nia njema, alikuwa amesimama mlangoni. Akatazama kandambili zake. Mume wangu Apollinaire alikuwa kwenye kiti cha cherehani, ameshika kola ya shati ambayo hakuwa akiishona. Akaiweka chini.

"Rudilia," Koko alisema polepole. "Rudilia vile umesema."

Wote mle ndani tulijua habari za Lévi. Alikuwa mtoto wake wa nne, alifia Bukavu akiwa na miaka minne. Alikuwa na surua; asubuhi nesi alimchoma sindano, saa sita mchana akawa amekufa. Tangu siku hiyo Koko ana sheria zake, nazo zilihama naye mpaka Dzaleka, kambi hii ya wakimbizi ya Malawi: mtoto mwenye upele haoshwi, havuki mlango mpaka siku saba ziishe, na hachomwi sindano. Sindano inaurudisha upele ndani, unakwenda kukaa moyoni. Na si yeye peke yake. Uliza wanawake kumi kwenye foleni ya bomba, watokao Bukavu na watokao Burundi, nane watakuambia hivyo hivyo.

"Lévi aliuawa na surua," nilisema. "Sindano ilimkuta anakufa."

"Ulikuwa wapi, we? Haukukuwa hata umezaliwa! Mi njo nilimubeba. Na leo unakuja na dipuloma yako ya biro kunifundisha namna mutoto wangu alikufa?"

"Basi, basi," alisema Apollinaire.

"Basi nini?" tulimwuliza wote wawili pamoja.

Charlène hakufungua hata macho. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Binti yangu ana miaka minane. Nyumba ikigombana yeye husikiliza, halafu kesho yake huwaigiza wote kwa sauti zao mbele ya wenzake, nyanya yake kwanza. Sasa alilala kama nguo iliyovuliwa. Midomo ilikuwa imepasuka. Ulimi mwekundu, wenye vipele vidogo kama ngozi ya mtu aliyeumwa na mbu. Macho mekundu lakini hayatoi tongotongo. Viganja vimevimba. Na upele: mabaka mapana, mekundu, yaliyoshikana tumboni na kwenye mapaja.

Mimi ni fundi cherehani mwenye diploma ya utawala. Si daktari. Lakini najua kupima kitu na kuweka alama. Jumanne asubuhi, upele ulipoanza, nilichukua biki nikazungushia kila baka mstari wa wino, kama ninavyochora pindo kabla ya kukata. Nilidhani ni sabuni mpya. Mzio wa sabuni huhama: asubuhi tumboni, jioni mgongoni, kesho haupo. Huu haukuhama. Jumatano ulikuwa umevuka mstari kwa upana wa kidole. Leo Alhamisi mabaka mawili yalikuwa yamekutana, na mstari wangu ulikuwa umezama katikati ya wekundu.

"Mama," nilisema, safari hii bila kupayuka, "nikuulize kitu. Unaijua surua vizuri kuliko mimi."

"Sana."

"Surua inaanzia wapi?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego. "Kwa masikio. Nyuma ya masikio, inashuka kwa uso, inashuka kwa kifua, inamalizia miguu."

"Tazama nyuma ya masikio yake."

Hakutaka. Dévote ndiye aliyesogea, akainama, akamgeuza mtoto kichwa. "Mana yanje, Mungu wangu," alisema. "Hapa hakuna kitu, Koko. Ni peupe."

"Na mtoto wa surua anakohoa lini?"

"Anakohoa palepale. Na mafua, na machozi."

"Charlène anakohoa?"

Charlène alikuwa amekohoa, ndiyo, lakini ilikuwa mwezi uliopita, wakati nyumba nzima ilikohoa.

"Iko surua ya ndani," Koko alisema mwishowe. "Ile haionekani kwa masikio."

"Hakuna."

"Iko!"

"Tumungoje Jumapili," alisema Apollinaire. "Mchungaji anakuja kuomba. Kama haijashuka, Jumatatu tunaenda zahanati. Mama Charlène, siku tatu tu."

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini Charlène alisema anataka kwenda kukojoa. Alijiinua kwa kiwiko, akasimama, akapiga hatua moja, na miguu ikamkatika. Apollinaire alimdaka kabla kichwa hakijagonga meza ya cherehani. Nikamshika mikono. Mwili ulikuwa moto kama pasi. Vidole vilikuwa baridi.

Sikungoja mtu aseme. Nilichukua kadi yake ya chanjo na kitenge, nikamfunga mgongoni, mtoto wa miaka minane, miguu yake inanigonga magoti. Nikatoka. Kwa nyuma nilimsikia Koko akilia kwamba mtoto amevushwa mlango siku ya tatu ya upele, na Dévote akimwita mtu wa kabaza, baiskeli ya abiria, kwa sauti ambayo ingefika barabara kuu. Baiskeli ilikuja. Nilikaa nyuma ya yule kijana na mtoto wangu mgongoni, tukayumba kwenye matope ya Februari mpaka zahanati ya kambi.

Tabibu alikuwa Mmalawi kijana, mstaarabu. Hakututia kwenye foleni. Alimpima presha, akaipima tena, akasikiliza moyo kwa muda mrefu. Aliitazama mistari yangu ya wino akauliza ni ya nini. Nilipomweleza, akaiandika yote na siku zake. Kadi ya chanjo nilikuwa nayo: surua, dozi mbili. Kisha akauliza:

"Nyumbani, wiki hizi sita, kuna mtu alikuwa na kikohozi? Homa? Corona?"

"Hapana," nilisema.

Nilisema haraka, kama mtu anayeondoa mkono kwenye moto. Yeye akaandika *hapana*.

Ambulensi ilikuwepo. Akatupatia barua ya kwenda hospitali kuu ya Lilongwe, sasa hivi, akasema, moyo unakwenda mbio mno na presha iko chini. Tulipokuwa tunampandisha mtoto, Koko alitokea, anahema, sketi imejaa matope, mfuko wa plastiki mkononi. Apollinaire alikuwa nyuma yake na mwanetu mdogo Dany mabegani.

"Mutoto wa mutoto wangu haendi bila mi," alisema.

"Hospitalini wanataka mlezi mmoja, Mama."

"Basi shuka we."

Hakushuka mtu. Apollinaire alibaki na Dany. Koko alikaa upande wa pili wa machela, ameshika kisigino cha Charlène, hanitazami. Nilijua anaenda kufanya nini. Haendi kumwuguza. Anaenda kulinda mkono wa mtoto usichomwe.

Barabarani nilikuwa na muda wa kufikiri juu ya lile neno *hapana*.

Januari nilikwenda Old Town, mjini Lilongwe, kununua vitambaa vya sare za shule. Nilirudi na marobota manne na kikohozi. Ndani ya wiki moja tulikohoa wote watano. Koko alikaa siku kumi hasikii harufu ya chakula. Nilijua ni nini. Si kwamba sikujua. Niliwaambia haya ni mafua ya mvua na hakuna mtu anayekwenda kupimwa. Mwaka 2020 kulikuwa na nyumba moja mtaani kwetu iliyotajwa kwamba ina corona. Kwenye bomba, ndoo ya yule mama ilisukumwa nyuma kwa fimbo, wiki baada ya wiki, hata alipopona. Niliyaona kwa macho yangu. Ndoo yangu pia niliisogeza mbali na yake. Kwa hiyo Januari, nikiwa na sare za watoto thelathini za kushona, nilijua kabisa ni mama gani atamtuma mwanawe kwenye mikono ya corona apimwe mabega. Hakuna. Nilikohoa kwenye kiwiko, nikawapima watoto wa watu, nikashona. Charlène alikuwa na homa siku mbili, akapona, akarudi shule. Nikajisifu kwamba mambo yamepita.

Mvua ilianza tulipopita Area 18, tukiingia Lilongwe. Charlène alitapika maji ya kijani kwenye kitenge changu. Koko alimfuta kwa leso yake na kuitia ile leso mfukoni.

Hospitali ilikuwa imejaa. Wagonjwa vitandani, walezi sakafuni, vikombe vya uji na sahani za nsima chini ya vitanda. Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mfupi, viatu vya raba, anaongea Kiingereza haraka. Kiingereza ninacho. Koko ana Kifaransa na Kiswahili chetu tu, kwa hiyo aliyageuza macho kutoka kwangu kwenda kwa daktari kama anayetazama mpira.

Daktari alisoma barua. Alifungua mdomo wa Charlène, akatazama ulimi, akabonyeza viganja, akahesabu kwa saa muda ambao wekundu ulichukua kurudi. Ulichukua muda mrefu. Akaniuliza swali lile lile.

"Kikohozi? Mafua? Mtu aliyepoteza harufu? Fikiria vizuri, mama. Wiki nne, sita nyuma."

Nilinyoosha shuka la Charlène.

"Anauliza nini?" alisema Koko.

"Anauliza kama tulikohoa."

"Na umemujibu je?"

"Kule zahanati nilisema hapana."

Koko aliachia kisigino cha mtoto. "Hapana? *Hapana?* Mi nilikula sombe siku kumi kama niko nakula karatasi! Ulikuwa unakohoa mpaka cherehani inatetemeka! Unanikataza kasiksi juu ya mutoto ni mugonjwa, halafu we unamudanganya munganga?"

Walezi wa kitanda cha jirani waligeuka. Hawakuelewa neno, lakini kukaripiwa na mama mkwe hakuhitaji mkalimani. Mmoja alitabasamu.

Nikamgeukia daktari. "Tulikohoa," nilisema. "Wote. Ilikuwa katikati ya Januari. Huyu mama alipoteza harufu. Mtoto alikuwa na homa siku mbili. Sikuwapeleka kupimwa, niliwakataza. Na leo nimemwambia tabibu hapana. Nilidanganya."

Nilingoja anigombeze. Hakuwa na muda huo. Alimwita nesi, akasema maneno matatu, nesi akaondoka mbio.

"Sikiliza," daktari aliniambia, na nikawa namtafsiria Koko sentensi kwa sentensi. "Nadhani ile ilikuwa corona. Mwili wake uliishinda. Lakini kwa watoto wachache, wiki kadhaa baadaye, mwili hauachi kupigana. Unaanza kuishambulia mishipa yake wenyewe. Ngozi, macho, ulimi, tumbo: hayo tunayaona. Ninachokiogopa hakionekani kwa macho. Ni moyo."

"Anasema nini juu ya moyo?" Koko alinishika mkono. Alikuwa amelisikia neno kabla sijamaliza, kwa jinsi daktari alivyogusa kifua.

"Anasema ugonjwa umefika moyoni."

"Mi nilikuambia! Upele unaenda kwa moyo. Miaka yote mi niko nasema, munanicheka."

"Sikucheka, Mama."

Nesi alirudi na trei: pamba, mpira wa kufungia mkono, sindano ya mrija, chupa ya maji ya dripu, na kichupa kidogo cha dawa. Daktari akaeleza. Damu ya kupima, kisha dripu, kisha dawa ya kutuliza hayo mapigano ya mwili, yote kupitia mshipa. Vidonge havitatosha, na anatapika. Baadaye watamtazama moyo kwa mashine. Akanipa fomu ya kuweka sahihi.

Koko aliona trei. Akasimama kati ya nesi na kitanda. Ni mwanamke mdogo, ananifika begani, lakini nesi alisimama.

"Hapana shindano."

"Mama, ondoka hapo."

"Uko nasikia mwenyewe upele uko kwa moyo! Shindano itausukuma zaidi. Ile saa sita ya Lévi mi sirudie tena. Mupatie vidonge. Mupatie sirop. Shindano hapana."

Charlène alifungua macho, akamtazama nyanya yake, akayafunga.

Hapo ndipo nilipopata la kumwambia, na halikutoka kwenye diploma.

"Mama. Charlène amechomwa sindano ngapi tangu augue?"

"Hapana hata moja. Mi niko hapa."

"Hata moja. Umempaka, umemfunika, hakuoshwa, sindano hajaiona. Na ugonjwa umefika moyoni. Basi nani ameupeleka?"

Alitazama mguu wa Charlène, ule alioupaka kasiksi asubuhi, ambao sasa ulikuwa mwekundu sawasawa na ule ambao hakuupaka.

"Mupigie bwana yako," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Ni mutoto wa Apollinaire. Yeye njo baba."

Nikapiga. Apollinaire alipokea mlio wa kwanza. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, kikohozi cha Januari na uongo wangu pia. Kwa nyuma nilisikia Dany akiulizia dada yake.

"Mama anasema je?" aliuliza.

"Anakataa sindano."

"Gabriella… ni mama yangu. Unajua ile alipitia. Tusimupige kwa nguvu. Ngojeni, kesho saa moja niko hapo, nitaongea naye mi mwenyewe, halafu tunaweka sahihi pamoja."

Nilimwuliza daktari kwa Kiingereza kama tunaweza kungoja mpaka kesho saa moja. Alikuwa anapima presha tena. Hakuinua kichwa.

"Presha imeshuka tangu mfike. Mimi nisingengoja dakika kumi."

"Baba Charlène," nilisema kwenye simu, "njoo hiyo kesho. Njoo na kitenge kingine na chupi zake. Sahihi naweka mimi sasa hivi."

"Ngoja kwanza…"

Nilikata simu. Nikaegemeza fomu kwenye ukuta, nikaandika jina langu lote, nikaandika *mama* pale walipouliza uhusiano, nikamrudishia daktari biki yake.

"Mama," nilimwambia Koko, "akifa, nitasema kwa watu wote wa Dzaleka kwamba ni mimi. Kikohozi nilileta mimi na sindano nimeruhusu mimi. Wewe hutatajwa. Lakini sogea."

Hakusogea. Nilimshika mabega yote mawili, nikamtoa pale kama unavyohamisha kiti kilichokaa njiani, nikamweka upande wa miguu. Hakunipinga kwa nguvu. Mifupa yake ilikuwa mepesi kuliko nilivyodhani. Akageukia ukuta. Lakini hakutoka nje.

Nikapanda kitandani nusu, nikamkumbatia Charlène kwa kifua, nikaunyoosha mkono wake wa kushoto na kuubana kwenye goti langu. Nesi akafunga mpira. Mshipa haukuonekana. Akapigapiga kwa vidole, akatafuta, akachoma, akakosa.

"Pepani, amayi," alisema, akiniomba radhi.

Charlène alilia kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili, kilio kikavu bila machozi. "Mama, inatosha."

"Bado," nilisema. "Moja tena. Nishike."

Nesi alinitazama, kuuliza.

"Choma," nilisema.

Akachoma juu ya kiganja. Damu ikaingia kwenye mrija, nyeusi, polepole. Akaijaza chupa mbili za kipimo, akafunga plasta, akaunganisha dripu, akafungua. Tone la kwanza likashuka, la pili likalifuata, na nikaendelea kuubana ule mkono.